Sura ya 7: Kamera Iliona, Nani Ataisemea?

Mei 2022, siku chache baada ya barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway kufunguliwa kwa umma, gari moja liliingia kwa kasi kwenye kituo cha malipo cha Mlolongo na kuyagonga magari mengine. Kamera za kituo zilinasa tukio, na muda si muda video ikawa inaruka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Wengi walioitazama walibaki na imani moja: ukigongwa mjini siku hizi, kamera imeona, na kwa kuwa imeona, haki yako imewekwa mahali fulani ikikungoja uende kuichukua.

Imani hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kamera nyingi hazitunzi zilichokiona kwa muda mrefu, na nyingine hazitunzi kabisa. Pili, na hili ndilo watu hulijua wakiwa wamechelewa, video haijipeleki mahakamani. Lazima awepo mtu wa kusema, kwa jina lake na sahihi yake: kamera hii ni yetu, siku ile ilikuwa inafanya kazi, nakala hii imetoka kwenye mashine yetu, na aliyeitoa ni fulani. Bila mtu huyo, unaweza kuwa na picha safi kabisa ya dereva akivuka taa nyekundu na bado usiwe na ushahidi. Sura hii inahusu jinsi ya kuipata picha kabla haijafutika, na jinsi ya kumpata mtu huyo.

Tuanze na kamera zenyewe, maana si zote zilizo juu ya nguzo zinafanya kazi moja. Zipo zinazotazama msongamano tu. Mwendeshaji anakaa chumbani, anaona foleni imekwama wapi, anabadilisha taa au anatuma askari. Kamera za aina hii zinaweza kuonyesha bila kurekodi chochote. Idara ya usafiri ya jimbo la Washington kule Marekani, ambako wako ndugu zetu wengi, inawaambia wananchi waziwazi kwamba haihifadhi video za kamera zake za barabarani, kwa hiyo anayeomba picha ya ajali anaomba kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Zipo za mwendo kasi na taa nyekundu. Hizi huwa zinapiga picha pale tu kosa linapotokea, na gari lililokugonga likiwa ndani ya mwendo halali huenda halina hata picha moja. Halafu zipo za usalama, zinazorekodi usiku na mchana, ajali au hakuna ajali.

Nairobi na Mombasa zina mtandao mkubwa wa aina hii ya tatu. Mwaka 2014 serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Safaricom mkataba wa takriban shilingi bilioni 14.9 wa kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano na uangalizi, na ndani yake zilikuwemo kamera 1,800 za miji hiyo miwili. Picha zake huenda kwa polisi. Hapo ndipo mtu aliyegongwa hufikiria kwanza: nitakwenda makao makuu ya polisi niombe. Ushauri wangu ni kwamba aombe, lakini asianzie hapo. Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya usalama wa taifa na kusaka wahalifu, na njia ya raia kuufikia inapita kwa mpelelezi wa kesi yake, kwa barua, kwa mkubwa wa kituo, kisha kwa mkubwa mwingine. Wakati barua inapanda ngazi, kuna kamera ya kituo cha mafuta mita 40 kutoka ulipoangukia, na mwenye kituo anapatikana leo mchana.

Kwa hiyo siku ile ile, au kesho yake asubuhi, wewe au ndugu yako rudini mahali pa ajali, mtembee kwa miguu. Tazameni juu. Kituo cha mafuta, benki yenye mashine ya kutolea fedha, duka la dawa, shule, msikiti, kanisa, geti la nyumba ya ghorofa, duka la jumla lenye mlinzi. Ulizeni pia madereva wa teksi na matatu wanaoegesha pale, kwa sababu siku hizi wengine wamefunga kamera ndogo kwenye kioo cha mbele. Usiangalie tu kamera inayotazama mahali mlipogongana. Kamera iliyo mita 200 nyuma, iliyolinasa gari likikupita kwa kasi au likiyumba kabla ya kufika kwenye makutano, mara nyingine inasema mengi kuliko ile iliyoona mgongano wenyewe. Hii inafaa zaidi pale aliyekugonga alipokimbia na unachotafuta ni namba za gari.

Diski ina hesabu zake

Kwa nini haraka yote hii? Chukua karatasi tupige hesabu. Kamera ya kawaida ya duka inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Duka lenye kamera 8 linajaza karibu gigabaiti 173. Kama fundi alimwekea mwenye duka diski ya terabaiti 1, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu, mashine inakumbuka siku tano na ushee tu. Siku ya sita inaanza kuandika juu ya siku ya kwanza. Hakuna anayeifuta, wala hakuna njama. Mashine inajiendesha hivyo. Picha zikiwa kali zaidi, kwa megabiti 4, siku zinapungua nusu. Taasisi kubwa zenye diski kubwa hufika mwezi, na wengine hupita hapo, lakini mtu anayekuhakikishia kwamba kamera yake inatunza miezi mitatu mwombe akuonyeshe tarehe ya video ya zamani kabisa iliyomo. Utashangaa.

Sasa linganisha siku hizo na muda wa kisheria. Sheria ya Kenya ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu ombi lako, ingawa jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka huo huo wa 2016, ni siku 30. Uingereza, mwenye kamera iliyokunasa ana mwezi mmoja wa kukujibu chini ya sheria ya data binafsi. Yaani taasisi inaweza kukujibu ndani ya muda kamili wa sheria, kwa adabu zote na kwa barua yenye nembo, ikisema kwamba picha hazipo tena. Haijavunja chochote.

Ndiyo sababu maombi yako yawe mawili, na yasichanganywe. La kwanza ni kuhifadhi: tunaomba msifute, mtoe nakala muiweke kando. La pili ni kupewa. Ombi la kwanza halimgharimu mwenye kamera chochote na halimlazimishi kuamua kama una haki ya kuiona au huna, na kwa hiyo ni rahisi kulikubali siku hiyo hiyo. La pili anaweza kulitafakari, akamuuliza wakili wake, akasubiri hati ya mahakama. Watu wengi huanza na la pili, wanakataliwa, wanakwenda kutafuta wakili, na wakati wakili anafungua jalada diski imeshageuka.

Barua ya kuhifadhi iwe fupi. Itaje tarehe, saa ya ajali na dakika kadhaa kabla na baada yake. Mahali na upande kamera inakotazama. Aina na rangi za magari. Namba ya taarifa ya polisi kama unayo, ile ambayo Kenya huitwa namba ya OB na Tanzania huitwa RB. Iseme kwamba picha hizo zinaweza kuhitajika katika shauri. Andaa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na aliyeipokea kwa jina na tarehe, ubaki nayo. Nakala hiyo yenye muhuri ina nguvu kuliko inavyoonekana. Mtu aliyepokea onyo la maandishi kisha akaacha ushahidi upotee anawapa mawakili wako hoja nzuri: mahakama inaweza kudhani kwamba ushahidi ule ungemuumiza yeye aliyekuwa nao. Hoja hii ina uzito hasa pale mwenye kamera ndiye mwenye gari lililokugonga, kwa mfano kampuni ya mabasi yenye kamera ndani ya basi lake.

Mwenye duka si adui yako, na barua peke yake inaweza kumtisha. Ingia kwa salamu, si kwa vifungu. "Shikamoo mzee. Jana jioni kijana wetu aligongwa hapa mbele ya duka lako. Hatukuja kukudai kitu, wala wewe huna kosa. Tunaomba tu ile video ya jana isifutike." Anachoogopa ni kuitwa mahakamani, kufunga duka siku nzima akingoja kesi ambayo itaahirishwa. Ni hofu ya haki kabisa, nami singeificha: mwambie ukweli kwamba huenda akaombwa kusaini karatasi, na huenda, ingawa si lazima, akaitwa. Mwenye duka aliyedanganywa kwamba hataitwa, atakukana siku utakayomhitaji.

Mlinzi na hela yake ya soda

Katika miji yetu ipo njia nyingine, na kila msomaji anaijua. Mlinzi wa usiku anajua neno la siri la mashine, au anamjua kijana wa kompyuta anayelijua. Unampa ya soda, anakunakilia kwenye flashi, au anakuruhusu uirekodi skrini kwa simu yako. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Naielewa njia hii. Mtu ana mgonjwa hospitalini, hana muda wa barua. Lakini tazama umebeba nini. Umebeba faili lisilo na baba. Meneja akiulizwa atasema hajui lilitokaje ofisini kwake, na atakuwa anasema kweli. Mlinzi hatakuja mahakamani kueleza kwamba alitoa mali ya mwajiri wake kwa hela ya soda. Wakili wa upande wa pili atauliza maswali matatu tu: nani aliitoa, lini, kwa idhini ya nani. Na mwenye duka akigundua, ule urafiki mliouanza kwa salamu umekwisha. Nakala halali, iliyobaki kwenye diski yake, hutaipata tena.

Kurekodi skrini kwa simu, kwa ruhusa ya mwenyewe na mbele yake, ni jambo tofauti, na nalipendekeza kama akiba. Inakusaidia kujua kilichomo na kumwonyesha mpelelezi kwamba kitu kipo. Ila usiridhike nayo. Video ya skrini hupoteza ukali, hukata kingo, na saa iliyo pembeni ya picha huenda isisomeke.

Mtu wa kusaini

Sasa tufike kwenye sheria yenyewe. Mwaka 2009 Kenya iliongeza kwenye Sheria yake ya Ushahidi kifungu cha 106B. Hakikubuniwa Nairobi. Maneno yake yanafuata karibu neno kwa neno kifungu cha 65B cha sheria ya ushahidi ya India ya wakati huo, kilichoingizwa huko mwaka 2000. Kifungu cha 106B kinasema kwamba rekodi ya kielektroniki iliyonakiliwa au kuchapishwa inapokelewa kama hati, bila kuleta mashine yenyewe, masharti kadhaa yakitimizwa: kwamba kifaa kilikuwa kikitumika kwa kawaida kwa shughuli hiyo, kwamba kilikuwa kinafanya kazi sawasawa, na kwamba taarifa ziliingia katika mwendo wa kawaida wa shughuli. Masharti hayo huthibitishwa kwa cheti. Cheti kinaitambulisha rekodi, kinaeleza jinsi ilivyotolewa, kinataja kifaa, na kinasainiwa na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho au juu ya shughuli yenyewe.

India ilionyesha ukali wa kifungu chake mwaka 2014, Mahakama yake ya Juu ilipoamua shauri la uchaguzi la Anvar dhidi ya Basheer. Mlalamikaji alileta CD zenye nyimbo na hotuba za kampeni. Hakuleta cheti. CD zikatupwa nje. Kenya nayo ina maamuzi ya aina hiyo, likiwemo la Mahakama Kuu la mwaka 2011 katika kesi ya jinai ya Barisa Wayu Matuguda, lililosisitiza kwamba nakala ya kielektroniki inapokelewa pale tu masharti ya 106B yametimizwa.

Baadaye, mwaka 2014, likaja rekebisho jingine: kifungu cha 78A, kinachosema mahakama isikatae ushahidi wa kielektroniki kwa sababu tu hauko katika umbo lake la asili. Wapo mawakili wanaokishika hiki kama ngao na kusema cheti si lazima tena. Mimi nisingecheza kamari hiyo kwa kesi ya mguu wa mtu. Cheti ni karatasi ya ukurasa mmoja. Kukipata Jumanne ijayo ni rahisi kuliko kubishania umuhimu wake miaka miwili baadaye, wakati meneja aliyekuwepo ameshahamia Eldoret na duka limekuwa la nguo.

Upande wa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imechukua njia iliyolegea kidogo. Inamwelekeza hakimu kupima uzito: rekodi ilitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, haikuguswa, aliyeianzisha anajulikana? Tena ina dhana inayomsaidia sana mtu aliyegongwa. Rekodi iliyotunzwa na mtu asiye upande wowote wa shauri, katika mwendo wa kawaida wa shughuli zake, huhesabiwa kuwa halisi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kituo cha mafuta ndicho mtu huyo hasa. Hakina shauri na wewe wala na dereva. Lakini hata huko mahakama itataka mtu wa kuieleza, na kwa kawaida ni hati ya kiapo au ushahidi wa mdomo wa anayesimamia kamera.

Kwa hiyo siku ya kuchukua nakala, kama mwenye kamera amekubali au mahakama imeamuru, fanyeni mambo kwa mpangilio. Awepo meneja na fundi wa kamera. Fundi atoe faili kwenye mashine, meneja ashuhudie. Mwombe fundi atoe faili katika umbo lake la asili hata kama simu yako haiwezi kulifungua (mashine za Dahua, kwa mfano, hutoa faili za .dav), pamoja na programu ya kulifungulia, na nakala ya pili ya MP4 kwa ajili ya kutazama. Ukibadilisha umbo la faili ukatupa la asili, umempa mpinzani wako swali la bure. Nakala mbili za flashi: moja itiwe kwenye bahasha, ifungwe, isainiwe juu ya gundi, isiguswe tena, nyingine ndiyo ya kuangalia. Fundi anayejua kazi yake anaweza pia kukutolea hashi ya faili, ule mstari wa herufi na tarakimu 64 wa SHA-256 unaobadilika kabisa faili likiguswa hata kidogo. Uandikwe kwenye cheti.

Halafu saa. Kabla hamjaondoka, piga picha simu yako ikionyesha saa ya mtandao kando ya skrini ya mashine ikionyesha saa yake. Mashine nyingi za maduka zimepotoka kwa dakika kadhaa, nyingine kwa saa nzima, nimewahi kuona hata ya mwaka mwingine kwa sababu betri ndogo ya ndani ilikufa na hakuna aliyejali. Tofauti hiyo si tatizo ikiandikwa siku hiyo: saa ya mashine iko mbele kwa dakika 11. Isipoandikwa, polisi wamesema ajali ilitokea saa 1:20 usiku, video inasema saa 1:31, na mdaiwa anauliza kwa upole kama hii ni ajali ile ile.

Picha ikishapatikana watu hukimbilia kuihesabia mwendo, na hapa ndipo ninapoomba utulivu. Hesabu yenyewe si ngumu. Pima umbali kati ya nguzo mbili zinazoonekana kwenye picha, tuseme mita 30. Hesabu fremu ambazo gari lilitumia kutoka nguzo hadi nguzo, tuseme 27. Kama mashine inarekodi fremu 15 kwa sekunde, gari lilitumia sekunde 1.8, na mwendo wake ni kilomita 60 kwa saa, juu ya kikomo cha 50 cha mjini, Kenya na Tanzania. Umeshinda. Lakini mashine za bei nafuu huruka fremu zikilemewa. Kama kwa kweli dakika ile ilikuwa inarekodi fremu 12, basi zile 27 ni sekunde 2.25, na mwendo ni kilomita 48. Dereva yuko ndani ya sheria. Video ile ile, nguzo zile zile. Jicho nalo linadanganywa na lenzi pana, ambayo hulifanya gari lililo karibu lionekane kama linaruka. Mtaalamu anayejua kupima kasi ya fremu za mashine husika ana thamani yake, na ripoti isiyotaja jinsi alivyoipima ina walakini.

Kwa Tanzania, kwa ajali za mabasi ya mikoani, kuna rekodi ambayo mara nyingi ni bora kuliko kamera kwa swali la mwendo. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, inataka mabasi hayo yafungwe mfumo wa kufuatilia mwenendo, ule madereva wanaouita VTS, unaorekodi mahali basi lilipo na mwendo wake. Kikomo cha basi ni kilomita 80 kwa saa. Ombi la taarifa hizo liende kwa barua pia, na mapema.

Polisi, bima na sheria ya data

Mpelelezi ana uwezo ambao wewe huna. Anaweza kuchukua mashine nzima kama kielelezo. Kwa hiyo ukishajua kamera iko wapi, mpe habari hiyo kwa maandishi ili iingie kwenye jalada, usimwambie tu kwa mdomo barabarani. Kama dereva atashtakiwa, video itatumika kwanza kwenye kesi ya jinai, na wakili wako anaweza baadaye kuiomba mahakama ya madai imwite askari aje na jalada. Askari wa usalama barabarani huitwa mara kwa mara kwenye kesi za fidia kuthibitisha taarifa ya ajali, si jambo geni kwao.

Kampuni ya bima nayo ina sababu zake za kuharakisha. Mwenye bima kubwa akilipwa, kampuni yake hupata haki ya kujirudishia gharama kutoka kwa aliyesababisha ajali, na bila ushahidi haitarudisha kitu. Iambie kamera zilipo siku ya kwanza. Barua ya kampuni ya bima kwenye meza ya meneja wa benki hufunguliwa haraka kuliko yako na yangu. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Siku hizi utasikia pia jibu hili: "Haturuhusiwi, kuna sheria ya data." Kenya inayo ya 2019, Tanzania ya 2022. Sheria hizo hazikuandikwa ili kumnyima mtu picha yake mwenyewe. Kinyume chake, zinampa aliyenaswa haki ya kuziona taarifa zake, na kanuni za Kenya za 2021 zinamtaka mwenye kamera ajibu ndani ya siku 7. Ugumu wa kweli uko kwa watu wengine waliomo kwenye picha. Suluhisho ni kuomba dakika chache tu badala ya mchana mzima, na kukubali sura za wapita njia zifunikwe kwenye nakala yako maadamu faili la asili linabaki salama kwa ajili ya mahakama. Akikataa bado, Kenya kuna Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize malalamiko ndani ya siku 90, na Tanzania kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini siku 90 unazijua sasa maana yake kwa diski ya terabaiti 1, na ndiyo sababu barua ya kuhifadhi inatangulia yote haya.

Usiirushe mtandaoni. Najua hasira inavyosukuma. Ila video iliyoenea ina nakala mia zenye muziki, maandishi na vipande vilivyokatwa, na mashahidi wataulizwa kama wanakumbuka walichokiona barabarani au walichokiona kwenye simu.

Na uitazame yote kabla hujaikabidhi, peke yako na wakili wako. Mwendesha bodaboda anaweza kukuta gari lilimkatia njia kweli, lakini yeye naye alikuwa anapita upande wa kulia wa foleni bila taa. Mahakama zetu hugawa lawama kwa asilimia, na fidia hupunguzwa kwa kiasi hicho hicho. Kesi ya asilimia 70 bado ni kesi nzuri. Kinachoiharibu ni kuapa kwamba ulikuwa kwenye njia yako, halafu upande wa pili ulete video kutoka kamera ambayo hukuijua.

Kamera isipopatikana, kesi haijafa. Mahakama za Afrika Mashariki zimeamua madai ya ajali kwa miongo mingi kabla ya kamera ya kwanza kufungwa, kwa mchoro wa askari, alama za breki, mashahidi wa barabarani, ripoti ya ukaguzi wa gari, fomu ya P3 au PF3 ya daktari. Kenya na Tanzania zinakupa miaka mitatu kufungua madai ya uzembe dhidi ya mtu binafsi. Dhidi ya serikali ya Kenya ni miezi 12 tu, na dhidi ya serikali ya Tanzania unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Muda huo unatosha kwa hayo mengine yote. Barua ya kuhifadhi video ndiyo isiyoweza kungoja: iandike leo, kwa mkono kama huna kompyuta, na hakikisha umebaki na nakala yenye muhuri.